Nguo ya Kuazima: Bach Ndani ya Sinema ya Kisanaa

Watu wengi niliosoma nao wanajua kukicheka kile kinanda cha huzuni kwenye filamu za Bongo. Mama anapokea simu, sufuria inamponyoka, na kabla hajatoa chozi kinanda kimeshaanza kumlilia. Tunacheka kwa sababu tunauona mkono wa mtengenezaji ukitusukuma: haya, lieni sasa. Watu walewale wakikaa kwenye ukumbi wa kituo cha utamaduni kutazama Solaris, filamu ya Andrei Tarkovsky ya mwaka 1972, wanabadilika. Ikifika pale ambapo mwanamume na mwanamke wanaelea hewani ndani ya maktaba ya kituo cha anga, huku Bach akipigwa kwa ogani, hakuna anayecheka. Ukumbi mzima unashusha pumzi.

Nataka kuuliza swali ambalo kwenye semina zetu za shahada ya uzamili huonekana kama utovu wa adabu: vinanda hivi viwili vina tofauti gani? Vyote vimewekwa na mtengenezaji. Vyote vinatuambia tuhisi nini. Kimoja tunakiita cha bei rahisi na kingine tunakiita sanaa, na ninashuku kwamba mara nyingi tofauti tunayoisikia haimo kwenye filamu bali kwenye heshima tunayolipa jina la Bach.

Wahakiki wamezoea kuifananisha sinema ya kisanaa na muziki wa klasiki kwa sababu tatu: vyote vinakwenda polepole, vyote vinataka mtu aliyetulia, na vyote vina wateja wachache. Sababu hizi hazinitoshi. Bach si wa polepole. Ana kantata zinazokwenda mbio hadi mpiga tarumbeta anaishiwa pumzi. Na utulivu wa wateja wachache si sifa ya sanaa. Hata duka la majeneza lina wateja wachache na watulivu.

Ufanano wa kweli uko kwenye historia. Mwaka 1953, mjini Vienna, Nikolaus Harnoncourt na wenzake walianzisha kikundi cha Concentus Musicus. Walikuwa wamechoka na namna muziki wa karne ya 17 na ya 18 ulivyokuwa ukipigwa, kwa okestra kubwa na kwaya nene, kila noti ikipakwa mafuta. Wakarudi kwenye vyombo vya zamani, fidla za nyuzi za utumbo wa kondoo, vikundi vidogo. Uholanzi, Gustav Leonhardt alikuwa akifanya kazi hiyohiyo kwenye hapsikodi. Miaka ileile, nchini Ufaransa, Robert Bresson alikuwa akiwaondoa waigizaji wa kulipwa kwenye filamu zake, akichukua watu wa kawaida na kuwataka waseme maneno yao bila kuyapamba. Kwenye Un condamné à mort s'est échappé ya mwaka 1956, tunamsikia mfungwa akikwangua mlango wa seli kwa kijiko, na mkwaruzo huo unabeba filamu kuliko hotuba yoyote.

Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na dai moja: ondoa mafuta, ondoa mapambo, acha kitu chenyewe kisikike. Ndiyo maana mtu akipenda filamu za Bresson mara nyingi hupenda pia hapsikodi ya Leonhardt. Ni ladha moja imegawanyika kati ya jicho na sikio.

Lakini ladha hii nayo ina ujanja wake. Mwanamuziki na mwandishi wa Marekani Richard Taruskin, katika kitabu chake Text and Act cha mwaka 1995, aliwashambulia hao waliodai kuurudisha muziki wa kale kama ulivyokuwa. Hoja yake ni kwamba ule ukavu na wepesi waliousifu kuwa wa karne ya 18 ulikuwa kwa kweli ladha ya karne ya 20, imevalishwa wigi. Sikubaliani na Taruskin kila mahali, ila hapo alipiga penyewe, na pigo hilo linaifikia sinema ya kisanaa pia. Kamera isiyotikisika, ukimya mrefu, uso usioonyesha kitu: hivi si ukweli mtupu. Ukavu nao ni pambo.

Ikiwa ni hivyo, ukavu hauwezi kuwa kipimo chetu. Kipimo ninachokipendekeza nimekitoa kwenye methali: nguo ya kuazima haisitiri matako. Filamu inapoleta muziki wa kale, je, inauvaa ili kufunika mahali ambapo yenyewe ni tupu, au inaufanyia kazi?

Nina sababu yangu ya kulivalia njuga jambo hili. Nimekulia kwenye usharika wa KKKT mkoani Kilimanjaro. Misheni ya Leipzig ilifika kwetu mwaka 1893, na Leipzig ndiko Bach alikofanya kazi ya kanisa tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Kwenye kitabu chetu cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, zimo tuni za Kijerumani ambazo Bach aliziandikia sauti nne. Tuni ya Ijumaa Kuu, ile inayohusu kichwa cha Yesu kilichojeruhiwa, inarudi tena na tena ndani ya Matthäus-Passion. Kwa hiyo niliposikia kazi hiyo nzima kwa mara ya kwanza, sikusikia utamaduni wa juu wa Ulaya. Nilisikia kwaya ya mama zangu wadogo wakijifunza kwa sol-fa jioni ya Alhamisi, sauti ya tatu ikichelewa kama kawaida, mwalimu akigonga meza kwa kalamu na kusema turudie.

Muziki huu ulikuwa kazi. Na kuuazima si dhambi, maana Bach mwenyewe aliazima: tuni hiyo ya Ijumaa Kuu ilitokana na wimbo wa mapenzi ambao Hans Leo Hassler aliuchapisha mwaka 1601. Kanisa lilichukua wimbo wa kijana aliyechanganyikiwa na mpenzi wake, likamwimbia Kristo msalabani. Muhimu ni nini kinachofanyika baada ya kuazima.

Turudi kwa Tarkovsky. Kipande kinachopigwa kwenye Solaris ni utangulizi wa ogani uitwao Ich ruf zu dir, Herr Jesu Christ, wa dakika chache tu. Umejengwa juu ya tuni ya wimbo wa kuomba, wa mtu anayemwita Bwana, na waumini wa wakati wa Bach walikuwa wanaufahamu wimbo huo na maneno yake. Je, Tarkovsky ameuvaa tu? Nadhani hapa anajitetea vizuri. Mwanamke anayeelea, Hari, si binadamu. Bahari ya sayari ile imemfinyanga kutokana na kumbukumbu za mume aliyewahi kumpoteza. Muda mfupi kabla ya kuelea alikuwa akitazama mchoro wa Bruegel wa wawindaji kwenye theluji, akijaribu kuijua dunia asiyowahi kuishi. Bach kwenye eneo hilo ni kitu kingine cha Duniani, kama mchoro ule. Zaidi ya hayo, mtunzi Eduard Artemyev hakuiacha tuni kama ilivyo. Kadiri inavyorudi kwenye filamu aliiwekea tabaka za sauti za kielektroniki, hadi unahisi kwamba anga limeanza kuitafuna. Hapo filamu imefanya kazi juu ya kitu ilichokiazima.

Offret, filamu yake ya mwisho, ni habari nyingine. Inaanza na mchoro wa Leonardo wa mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, majina ya watengenezaji yakipita, na juu yake tunasikia Erbarme dich, utenzi wa kuomba rehema kutoka Matthäus-Passion. Ndani ya kazi ya Bach, utenzi huo una mahali pake mahususi: Petro ameshamkana Yesu mara tatu, jogoo amewika, Petro ametoka nje akalia kwa uchungu. Fidla inalia kwa sababu mtu fulani amefanya kitu fulani. Kwenye filamu hakuna aliyefanya kitu bado. Hatujamwona mtu. Tumeombwa rehema kabla ya kosa, kama mgeni anayeanza kulia mlangoni kabla hajasema msiba ni wa nani. Najua Tarkovsky alifariki Desemba 1986, miezi michache baada ya filamu kuonyeshwa Cannes, na kwamba aliitoa kwa mwanawe. Hilo linaifanya iwe ngumu kuisema. Lakini huruma kwa msanii haigeuzi kinanda kilichowekwa mapema kuwa kinanda kilichowekwa mahali pake. Mama wa filamu ya Bongo angalau ameshapokea simu.

Bresson aliliona tatizo hili katika kazi zake mwenyewe. Kwenye ile filamu ya mfungwa, Kyrie ya Mozart inaingia wakati wafungwa wanakwenda kumwaga ndoo za choo. Ni wazo zuri, na wengi wetu tumeliandikia insha. Baadaye, katika Notes sur le cinématographe, kitabu chake cha mwaka 1975, aliandika kwamba muziki wa kusindikiza usiwepo kabisa, ila ule unaotoka kwenye vyombo tunavyoviona. Akalitimiza neno lake. Kwenye L'Argent ya mwaka 1983, filamu yake ya mwisho, muziki unaosikika ni wa mzee mlevi anayepiga Bach kwenye piano nyumbani kwake, akiwa na glasi ya mvinyo kando. Glasi inaanguka na kuvunjika. Bach haikoi nyumba hiyo, wala hazuii mauaji yanayokuja. Ni sauti moja kati ya sauti za nyumba, pamoja na ya glasi.

Waliokwenda mbali zaidi ni Jean-Marie Straub na Danièle Huillet, mume na mke, kwenye Chronik der Anna Magdalena Bach ya mwaka 1968. Walilibeba wazo hilo kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kupata fedha. Anayekuwa Bach ni Gustav Leonhardt mwenyewe, na Harnoncourt amevaa kama mwana wa mfalme wa Köthen. Vyombo ni vya aina ya wakati huo. Muziki haukurekodiwa studio na kubandikwa juu ya picha; ulirekodiwa palepale kamera inapowatazama wapigaji, mara nyingi kwa picha moja ndefu isiyokatwa. Leonhardt hapakwi unga ili azeeke, ingawa hadithi inapita miaka karibu thelathini. Haigizi Bach. Anapiga Bach, na mikono yake inaonekana.

Anayesimulia ni Anna Magdalena, mke wa pili. Anasoma kwa sauti tambarare, karibu kama karani: mshahara, barua kwa baraza la mji, ugomvi na wakubwa wa shule, mtoto amezaliwa, mtoto amefariki. Anna Magdalena alizaa watoto 13, na 7 kati yao walikufa wakiwa wadogo. Filamu inavisema vifo hivyo kwa sentensi fupi, kisha kantata inayofuata inaanza, kwa sababu Jumapili imefika na kantata ilipaswa kuwa tayari. Hakuna kinanda kinachomlilia mama huyu. Mara ya kwanza nilikasirika. Niliona ni ukatili. Sasa nadhani ndiyo filamu pekee ninayoijua inayoonyesha jinsi muziki wa kanisa unavyoishi na msiba. Katika usharika wetu kwaya iliwahi kuimba kwenye ibada ya kawaida siku chache baada ya kumzika mtoto wa mwimbaji wa sauti ya kwanza, naye akiwa amesimama kwenye mstari wake. Hakuna aliyepandisha sauti kwa ajili yake. Waliimba ukurasa uliopangwa, na ndivyo walivyomshika mkono.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti niliyoiulizia mwanzoni. Haihusu Bach dhidi ya kinanda cha Casio. Muziki unaoonekana ukifanyiwa kazi na watu hautuamrishi kuhisi. Unatuachia nafasi ya kukaa nao. Muziki unaotoka mahali pasipoonekana una mamlaka ambayo hatuwezi kuyajibu, awe ameutunga nani.

Mwenzangu mmoja wa semina aliwahi kuniambia: “Dada, Wazungu hawa na vinanda vyao wanatuhusu nini sisi?” Ni swali halali, na jibu la Leipzig na Kilimanjaro halitoshi, maana hilo ni jibu la waliopokea. Kuna jibu la pili, la waliotoa, na linapitia kwa Pier Paolo Pasolini.

Pasolini alikuwa Mkomunisti asiyeamini Mungu, na aliazima bila aibu kuliko wote. Kwenye Accattone ya mwaka 1961, wanaume wawili wa vitongoji maskini vya Roma wanagaagaa vumbini wakipigana, na juu yao inaimbwa kwaya ya kufunga Matthäus-Passion, ile ya waombolezaji walioketi kaburini kwa Yesu. Mshono unaonekana waziwazi, na nia yake ilikuwa uonekane. Yeye hajivishi utakatifu. Anamvua Bach joho na kumfunika nalo mtu ambaye jamii haikumpa hata shuka. Nguo ni ya kuazima, ndiyo, lakini anamvisha mwingine.

Mwaka 1964 akatengeneza Il Vangelo secondo Matteo, Injili ya Mathayo, kwenye miji ya mawe ya kusini mwa Italia, kwa watu wasio waigizaji; Mariamu wa uzeeni ni mama yake mzazi. Humo wamo Bach na Mozart, na wamo pia waimbaji wa Missa Luba. Kristo anapofufuka, Bach hayupo. Inayopasuka ni Gloria ya kwaya kutoka Kamina.

Kamina iko Katanga, nchini Kongo, eneo la Kiluba na Kiswahili. Kwaya hiyo, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, iliundwa miaka ya 1950 na padre Mbelgiji, Guido Haazen, ikiwa na wavulana na walimu wa shule ya misheni. Maneno ni ya misa ya Kilatini. Ngoma, mwito na kiitikio ni vya watu wa huko. Mwaka 1958 walizuru Ulaya na sauti zao zikaingia kwenye sahani ya santuri. Kilichonivutia zaidi ni kwamba misa hii haikuanza kama karatasi ya noti. Ilijengwa kwa kuimba pamoja, sehemu nyingi zikibuniwa papo hapo juu ya mitindo waliyoijua.

Na hilo ndilo jambo ambalo wapigaji wa muziki wa kale wa Ulaya walikuwa wakilifufua miaka hiyohiyo. Kwenye noti za karne ya 17 na ya 18, mpiga hapsikodi mara nyingi aliandikiwa sauti ya chini tu na tarakimu kadhaa. Vidole vyake vilijaza mengine. Mwimbaji alitarajiwa kupamba mwenyewe anaporudia. Mpiga kanuni wa taarab kule Unguja, anayebuni taksimu kabla ya wimbo kuanza, angeelewa kazi hiyo upesi kuliko mwanafunzi wa piano aliyefundishwa kutogusa hata nukta moja. Kwa kipimo hicho Bach na Kamina ni jirani, na Pasolini, aliyewaweka ndani ya filamu moja bila kuomba radhi, aliusikia ujirani huo.

Ila ujirani wao haukuwa na haki sawa. Bach tunamjua kwa jina, tunajua hata alivyogombana na waajiri wake. Ukiitafuta Missa Luba leo, jina unalokutana nalo kwanza ni la padre. Wavulana wanabaki kuwa kwaya. Sauti zao zinaufufua mwili wa Kristo kwenye filamu inayopendwa duniani kote, na wao wenyewe hawaonekani hata mara moja. Kwa kipimo changu mwenyewe, hapa hata Pasolini anaanguka: muziki huu nao umetoka mahali pasipoonekana.

Miaka michache baadaye alikuja huku. Appunti per un'Orestiade africana, iliyotoka mwaka 1970, ni daftari la filamu ambayo hakuwahi kuitengeneza: alitaka kuihamishia Afrika tamthilia ya Kigiriki ya Aeschylus, na akapiga picha Uganda na Tanzania, ikiwemo Kigoma, akitafuta nyuso za wahusika wake sokoni na barabarani. Katikati ya filamu analeta waimbaji wa jazi studio wamwimbie Kassandra. Vilevile anawaonyesha picha zake wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Roma, kisha anawauliza wanaonaje.

Hawakumshangilia. Walikuwa vijana wa rika letu, kwenye chumba cha chuo, na walimwambia kwa upole kwamba Afrika si kitu kimoja, na kwamba kulinganisha kwake kuna walakini. Unamwona akijaribu kujitetea. Angeweza kukata sehemu hiyo, maana kamera na mkasi vilikuwa vyake. Hakuikata, na kwa hiyo waliombwa nguo wanasikika humo humo ndani ya filamu, wakiuliza inakwenda kuvaliwa wapi.